Mlio

Mvua ya Llanidloes haijakata tangu Jumanne.
Glenys ameipandisha emji ya marehemu juu ya stendi;
jeki, alizoea kusema Emrys, ni ahadi ya mlevi.

Meno ya habu yamelika, yamechongoka kama ya papa.
Ndiyo ile "ko!" ya kila breki
ambayo Emrys aliifunika kwa redio.

Habu mpya: bolti nne. Anapima tairi na bodi,
kidole kimoja. Hakitoshi. Anapima tena,
anamtukana asiyekuwepo, kwa Kiwelisi,
anabadilisha ekseli nzima.
Nati anazikaza kwa mshazari hadi spana iseme tik.

Magurudumu ya njiti ameyang'arisha, ameyatundika gerejini.

Asubuhi, kwenye mteremko, anazima redio,
anakanyaga breki.
Kimya.
Anakanyaga tena.