Bado

Nilidhani staji ni kushika wanyama.
Kumbe ni kushika ufagio, ndoo, sabuni ya unga,
kukata mapapai sitini kabla jua halijatoka,
kumpimia nyani mchanga maziwa kwa kijiko cha dawa,
huku baridi ya Bukavu ikipanda kutoka ziwani
na kuingia katika buti nilizoazima kwa kaka yangu Mugisho.

Mama Cibalonza, mlezi wetu, haongei sana.
Ana kovu la meno kwenye kidole gumba.
Ukimuuliza ni la mnyama gani, hujibu: "Wa kwanza."

Alinipa chumba cha tatu. Kasuku kumi na tisa,
wa kijivu, mikia kama kaa la makala lililopulizwa,
waliokamatwa bandarini ndani ya katoni za sabuni.
Mabawa yao yalikatwa kwa mkasi wa nguo,
moja fupi kuliko jingine,
kazi ya mtu mwenye haraka.

"Sheria ni moja," alisema. "Usiwasemeshe.
Kule msituni, neno la mtu
hatalielewa yeyote
ila mwindaji."

Nikafunga mdomo. Wao hawakufunga.
Mmoja alilia kama simu ya zamani.
Mwingine alifukuza mbuzi, kutwa, mbuzi asiyekuwepo.
Na namba kumi na moja alikohoa:
kikohozi kirefu, cha mzee, chenye tumbaku ndani,
kinachoishia na "Ee Nyamuzinda."
Kila mara niligeuka kumpisha mtu mlangoni.

Nilisoma fomu yake.
Alikotoka: haijulikani.
Umri: haujulikani.
Aliyemfuga: mstari mtupu.

Labda mzee alimuuza kwa ada ya shule.
Labda kijiji kilikimbia usiku, ndege akasahauliwa darini.
Labda kikohozi kilimmaliza mwenyewe,
na sasa hakipo popote duniani
isipokuwa katika koo la ndege wa gramu mia nne,
nami nimekabidhiwa kazi ya kukifuta.

Novemba, zamu ya usiku. Mvua juu ya bati.
Umeme ulikuwa umekwenda, kama kawaida yake.
Nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa,
simu ina asilimia nne,
tumboni mna chai kavu ya asubuhi,
maana staji hailipwi na nauli hula ya kwake kwanza.
Ndipo gizani, sauti ya yule mzee,
bila kukohoa, taratibu kabisa:
"Umesha kula?"

Swali hilo sikuwa nimeulizwa
tangu mama apande lori la Shabunda
kuuza chumvi kwenye machimbo.
Nikajibu kabla sijafikiri.
"Bado."

Basi. Silabi mbili. Mvua ikaendelea.

Manyoya hayana haraka. Yaliyokatwa yalidondoka,
mapya yakaota moja moja, yakiwa bado na damu ndani.
Wakaruka kamba hadi kamba,
kisha hadi paa la wavu,
kisha wakaanza kupiga miluzi nisiyoijua,
ya kwao, na mbuzi akasahaulika.

Kiangazi kilipoingia tukawapima mmoja mmoja.
Kumi na moja alikuwa wa mwisho.
Mabawa: mazuri. Uzito: mzuri.
Mama Cibalonza alisimama mbele yake dakika kumi,
kalamu sikioni, kimya,
akisikiliza kama kuna mtu amebaki ndani.

Hapakuwa na kikohozi.
Nikaanza kupumua.

"Umesha kula?" akasema kasuku, kwa sauti ya mzee.
Akainamisha kichwa, akafikiri,
akajijibu kwa sauti nyembamba,
ya kike, ya njaa, ya Kadutu kabisa:
"Bado."

Mama Cibalonza hakunitazama.
Alichomoa kalamu, na kwenye safu ya kuachiliwa
akaandika neno lile lile.
Kisha akafungua bakuli lake,
bugali na sambaza,
akalisukuma upande wangu wa meza.