Chupa Dirishani

Mama aliiweka chupa dirishani
kati ya mshumaa na glovu zilizokuwa zikikauka.
Usiiguse, aliniambia. Itazame tu.
Asubuhi ilikuwa na rangi ya chai kavu.
Ilikuwa Machi, theluji ya Arjeplog ikiurudisha mwanga mara mbili,
na ilipofika saa nane mchana
mkojo wake ulikuwa umeiva ukawa divai.

Damu, husemwa, ni nzito kuliko maji.
Kwetu sisi maji ndiyo yaliyoichongea damu.

Bibi Hjördis hakuwa na chupa.
Alikuwa na tumbo, na tumbo halitoi ushahidi.
Walimpasua mara tatu.
Kwanza wakaondoa kidole tumbo kisicho na kosa,
kisha mfuko wa nyongo,
mara ya tatu wakachungulia tu, wakashona.
Daktari akafuta miwani, akaandika neno moja:
neva.
Wakampa vidonge vya usingizi.
Nani angejua kwamba kidonge kile
kilikuwa kuni kwenye moto uleule?
Siku ya nne mkono wake ulishindwa kushika kitana.
Siku ya sita, ulimi.
Folke, mumewe, alimlisha uji wa shayiri kwa kijiko
na majirani wakasema, mke wa Folke anaigiza.
Hilo ndilo lililomkata maini.

Mimi nimechorewa ini langu.
Ylva, muuguzi, kwa kalamu ya bluu, nyuma ya fomu:
watu wanane mstarini wanapokezana tofali
hadi upatikane wekundu wa damu.
Wa tatu, katika ukoo wetu, ana mkono mmoja.
Siku nyingi anamudu.
Lakini shinda na njaa, meza dawa isiyo yako,
ingia mwezini,
wa mwanzo atakazana, tofali zitamwagika
na kila inayoanguka ni sumu.

Mjomba Torbjörn ana mkono mmoja uleule
na hajaugua hata siku moja.
Anatoboa barafu, anavua, ananiuliza:
Bado mnaumwa, nyie wanawake?

Mwaka jana nilitundikiwa dawa
nyeusi kama kahawa iliyosahauliwa jikoni,
chupa imevishwa karatasi ya fedha isione mwanga.
Siku nne.
Ya tano niliomba viazi, nikalia nilipoviona.

Bahasha ya Tuva iko mezani tangu Jumanne.
Ana miaka kumi na minne.
Ameanza kuruka chakula cha mchana,
anasema jinzi zinambana.
Namkatia mkate, napaka siagi nene,
juu yake jibini ya kahawia,
nausogeza mpaka ugonge kiwiko chake.
Kula, nasema, na sauti inayonitoka
ni ya mtu aliyewahi kupokonywa ulimi.
Kula kwanza. Halafu tufungue.

Ananitazama.
Anabandua ganda la mkate, analiweka kando,
anauma pembeni, kidogo,
upande usio na siagi.