Hizi Kwanza

Betri mwanzo. Waya wa hasi nauweka kando,
uning'inie kama mkono wa mtu aliyenyimwa salamu.
Kisha dizeli: nafunga koki, nakinga kopo la rangi,
matone ya mwisho nayahesabu bila sababu.

Nje, Herefordshire nzima imeganda.
Matufaha yaliyosahauliwa chini yamekuwa meusi, magumu kama nati,
na jogoo wa Bi Probert anawika saa nne asubuhi,
amechelewa, wala haoni haya.

Trekta ni ya mwaka sitini na saba, wekundu wake umefifia.
Pacha wake namjua, nilimwacha Kilombero kwenye miwa:
boneti lilelile, kikohozi kilekile cha alfajiri.
Kule tulimpasua kwa magogo, mnyororo na bismillahi.
Tukapona.
Wengi wetu.

"Injini inanguruma," Bi Probert alisema kwenye simu,
"magurudumu hayana habari."
Klachi, nikamwambia. Hakuna njia ya mkato;
mpaka tumkate mnyama kiunoni.

Basi magurudumu ya nyuma nimeyazuia mbele na nyuma.
Chini ya giaboksi nimeweka stendi mbili za chuma,
sikuiachia jeki peke yake, maana jeki ni mgeni,
hushuka bila kuaga.
Nikanyoosha mkono kuchukua spana.

"Bado."
Alikuwa mlangoni pa banda, buti za mumewe miguuni,
na kabari mbili za mwaloni kifuani, kama mtu aliyebeba mikate.

Nilikuwa nimesahau. Naandika hapa nisije nikajidai:
nilikuwa nimesahau.
Ekseli ya mbele hucheza kwenye pini yake,
na injini ikishaachana na mgongo
hulala ubavu, upande inaoutaka yenyewe.

Kwenye mti, kwa penseli, herufi za kujikongoja:
HIZI KWANZA. Machi 1987.
"Mwandiko wako?"
"Wa Idris. Mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa kwenye plasta."
Sakafuni, karibu na goti langu, saruji ina shimo
la ukubwa wa bakuli. Sikuuliza.
Nikazigonga kabari, kushoto, kulia, mpaka zikaacha kulia.

Bolti baada ya bolti. Ya juu kabisa ilitaka bomba refu na matusi.
Kisha inchi moja. Tukatazama.
Inchi nyingine. Yeye ameshika gurudumu la mbele lisipinde,
mimi nasukuma jeki ya magurudumu iliyobeba injini,
na vidole vyetu mbali na ule ufa
hata ulipoanza kupitisha mwanga wa dirishani.

Ndani: sahani imeliwa hadi ribiti,
na unga mweusi kila pembe.
"Usipulize!" nikasema, nikachukua kitambaa kibichi.

Nusu mbili zikakaa zinatazamana, hatua tatu kati yao.
Nikacheka peke yangu. Talaka rejea, nikawaza:
wametengana, eda inahesabiwa,
na kipuri kinafika Alhamisi.
Akataka kujua nacheka nini. Nikajaribu kumweleza kwa Kiingereza,
bolti zikagoma.
Lakini akapata kitu fulani, kwa sababu alisema,
"Sisi tuliachana mara mbili.
Mara ya pili alirudi akiendesha hii."

Alhamisi shafti ikakataa kuingia.
Ningeweza kuvuta kwa bolti, vijana huvuta kwa bolti,
wakapasua chuma cha bure.
Nikazungusha flaiwili kwa nondo, jino moja,
nusu ya jino,
na mara, bila nguvu ya mtu yeyote,
ikaingia, kwa mlio mdogo wa kabati linalofungwa usiku.

Iliwaka mara ya tatu. Moshi ukajaa bandani,
jogoo akanyamaza kidogo.
Nilizigongoa kabari nikazitupa kwenye sanduku la vyuma,
na nilipogeuka hazikuwamo.
Nilizikuta jikoni nilipofuata chai,
juu ya kabati la mkate, zimefutwa grisi,
upande wenye maandishi ukitazama mlango.