Jina la Kuandika Msalabani

Seremala wa Katuba amekuja na penseli sikioni.
Tuandike jina gani? anauliza.
Ubao ni mfupi, rangi ni ghali,
na ninyi mnasema wote kwa mara moja.

Mwilambwe, asema shangazi Nsenga,
hilo alipewa kando ya Lufira,
kitovu chake kingali kibichi.
Gaspari, asema katekista,
maana maji ya Mungu hayafutiki.
(Aliitikia jina hilo Jumapili tu,
tena kabla ya saa sita.)

Mzee Kyembwa anapekua mfuko wa koti,
anatoa kisahani cha shaba, kimetobolewa juu:
4417.
Tulikuwa wawili kwenye tanuru, asema,
na Jumamosi kwenye foleni ya posho
hakuna aliyekuwa na mama wala kijiji.
Unga, mawese, samaki wa chumvi,
4417, songa mbele.

Lakini namba haipulizi tarumbeta.
Aliyepuliza ni yule waliyemwita Midomo,
kwenye bendi ya kampuni, kofia ya ukingo wa dhahabu;
juma zima alimeza vumbi la shaba
na siku ya sikukuu akalirudisha kwa wazungu
likiwa limegeuka muziki.

Na kule Kamalondo, anong'ona mtu nyuma yangu,
kule baa zote zilimjua kama Viatu Vyeupe.
Kambo Mwadi, mjane, amesikia.
Anacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne:
Viatu hivyo nilivipaka chokaa mimi!
Usiku aliorudi na jua
nilizipika kamba zake ndani ya sombe.
Akatafuna, akatafuna,
akasifu chumvi.

Nchi ilibadili jina, mji ukabadili jina,
karani akamwambia Gaspari sasa ni kosa.
Akajibu: basi lifute, bwana, wino ni wako.
Miaka ikaenda, nchi ikarudia jina lake la zamani,
karani mwingine, meza ileile:
La ubatizo liko wapi, mzee?
Nililiacha kwenye koti lingine.

Halafu bomba kubwa la moshi likanyamaza.
Kilima cheusi cha taka kikabaki kinatuangalia
kama ng'ombe aliyesahauliwa na mwenyewe.
Wenzake walikaa wakingoja mishahara; wengine wangali wanangoja.
Yeye akafungua redio za watu kibarazani,
akazifunga tena, zikirudi kwa wenyewe
zimepona, ila zinashika stesheni moja tu,
ile aliyoipenda yeye.

Baba yangu hajasema neno.
Amekaa juu ya kreti la bia, mikono katikati ya magoti,
vilevile, nadhani, alivyokaa
kwenye kituo cha garimoshi, ana miaka sita,
na furushi, na jina ambalo
hakuna mtu jukwaani aliyelifahamu.
Siku ile Mwilambwe alikwenda kupokea betri.
Alirudi na mtoto.
Betri aliisahau; ilikuja kuibwa; hakuiulizia.

Hapa Lubumbashi, baba wa baba tunamwita kambo.
Nasikia kwingine neno hilohilo
ni la mzazi asiyekuzaa.
Kwa mzee wetu maana hizo mbili
zilikaa kiti kimoja, zikala bukari sahani moja,
na sisi wajukuu hatukujua kwamba ni mbili
mpaka tulipokua, mpaka jirani mmoja mwenye mdomo
alipotaka tujue. Tulimshukuru,
tukaenda kumwambia Kambo.
Alikuwa anauma waya kwa meno.
Akasema: Nishikie taa.

Sasa baba anainuka. Anachukua penseli
kutoka sikio la seremala bila kuomba,
anaandika herufi tano,
mwandiko wa mtoto aliyefundishwa kusoma
kwenye migongo ya redio.

Seremala anahesabu kwa kidole.
Tano tu? Rangi itabaki.
Ni rangi gani? auliza Kambo Mwadi.
Nyeupe, mama.
Ilete, asema. Na mtu aniletee vile viatu.