Mikate ya Plasta

Bibi Gertruda alilipa nusu bei, ya wazee,
akahesabu chenji mara mbili
huku baridi ikimng'ata vidole.
Gdynia, Februari. Manowari Rybitwa
imefungwa gatini kwa minyororo minene kama paja,
utadhani hata leo, bila injini,
wanahofia itawatoroka.

Bwana Zenon ana fimbo na sauti ya gwaride.
Anataja tani, anataja kasi,
anataja usiku ule mizinga iliponguruma
hata rangi ya mitutu ikababuka.
Watalii tunaitikia kwa vichwa, kamasi zikitutoka.

Juu, mvulana mwenye soda ya machungwa
amekalia kiti cha mpiga mzinga, anazungusha gurudumu.
Mtutu haugeuki. Umechomelewa tangu sijazaliwa.
Lakini yeye ameshaipiga hoteli,
amekipiga kibanda cha samaki wa kukaanga,
amewamaliza shakwe watatu,
na sasa ananilenga mimi.
Nainua mikono.
Ananitazama kitambo, akifikiri,
kisha anakunywa soda.

Bibi hakuja kwa ajili ya mizinga.
Chumba cha nahodha alikipita bila kugeuza shingo,
na kitanda chake cha nakshi, na saa yake iliyokufa.
Ngazi alishuka kinyumenyume, uso ukielekea chuma,
jinsi Babu Alojzy alivyoshuka kutoka darini kwetu
mpaka mwaka wa mwisho, nasi tukimcheka.

Na hapo chini, nyuma ya kamba nyekundu: tanuri.
Kando yake sanamu la nta limevaa aproni,
mikono misafi mno kwa kazi ile.
Mezani mikate ya plasta iliyopakwa rangi ya kahawia,
mmoja umemeguka pembeni, ndani mweupe kama chaki.

"Mikate mia mbili kila siku!" akasema Bwana Zenon.
"Mia na arobaini," akasema Bibi.
Fimbo ikasimama hewani.
"Jumamosi mia na sitini, maana Jumapili hakuoka."
"Mama, karatasi yetu inasema..."
"Karatasi haikuamka saa nane za usiku."

Miaka mitatu aliutumikia moto huu.
Vita vilikuwa vimekwisha kitambo; hakuua mtu,
hakuzamishwa, hakupewa nishani.
Vibao vya shaba humu ni vya waliokufa na walioua.
Aliyekanda unga bahari ikimyumbisha,
bakuli amelibana kwa magoti,
hana kibao.

Kisha Bibi akafanya jambo lililonitia haya.
Akaivuka kamba. Akavua koti, akakunja mkono wa sweta,
akaulaza mkono mtupu kwenye ukingo wa mlango wa tanuri,
chini kidogo ya kiwiko,
akausogeza, akausogeza tena.
Bwana Zenon akakohoa. Mimi nilitaka kumvuta.
Ndipo nikalikumbuka kovu la Babu,
refu kama njiti ya kiberiti,
lililong'aa kila alipokata mkate mezani,
nikajua alikuwa anapima.
Chuma kilikuwa baridi, baridi ya kuunguza.
Alipoutoa mkono palikuwa na mstari mwekundu,
mahali palepale.

Penye njia ya kutokea pana kitabu cha wageni.
Watu wameandika utukufu, wameandika mashujaa,
mtoto amechora bomu lenye macho.
Wino ulikuwa umeganda; Bibi akaipulizia kalamu pumzi,
akaandika, kwa herufi za shule:
*Mia na arobaini. Jumamosi mia na sitini.*
*Mjane wa mwokaji.*

Tulipokuwa tukishuka kuelekea gatini
nikamsikia Bwana Zenon chini ya deki, na kundi jingine.
"Mikate," alisema,
kisha akanyamaza kidogo.