Bado Unalo?

Kwenye kadi aliandikwa Mtoto wa Mbeleje,
gramu mia nane na sitini,
na sisi wodini, kwa mazoea, tukamwita njiti,
kama tunavyowaita wote wanaozitangulia siku zao.
Njiti: uikinge kwa viganja viwili.
Na Dodoma, mwezi wa nane, upepo haubishi hodi.

Siku nne chupa ya maji ilitokota bila moto kando ya kitanda,
kiputo, kiputo, kiputo, ndiyo pumzi yake hiyo,
na mama yake akavihesabu
kama mtu anayehesabu fedha isiyo yake.
Usiku wa tano nikamfuata, nikakaa naye sakafuni.
Miaka ishirini na saba nimejifunza hili moja:
habari ya namna hii haisemwi na mtu aliyesimama.

Sikusema amepumzika. Sikusema Mungu kampenda zaidi.
Nilisema, Mbeleje, mwanao anakufa. Njoo umpakate.
Tusekile, binti wa mafunzo, akakimbilia stoo
akajifanya anatafuta glavu. Nilimwacha.
Stoo ile hata mimi inanijua.

Tukatoa mirija, plasta tukiilowanisha
ili isimchune ngozi.
(Hahisi tena, alisema daktari. Najua.
Tuliilowanisha.)
Chupa ikanyamaza.
Hapo ndipo akina mama wa vitanda vingine walipojua,
wakajifunika kanga pamoja na watoto wao vifuani,
ili asionekane mtu ambaye bado anaye.

Asubuhi akafika Chedego kwa pikipiki kutoka Mlowa,
vumbi jekundu hadi kwenye kope,
mkononi mfuko, na ndani ya mfuko sweta.
Muuzaji alimuuliza mtoto ana umri gani,
naye, asiyewahi kumwona, akajibu: mkubwa tu.
Tukakunja mikono ya sweta mara tatu, mara nne,
mtoto akapotea humo kama punje ya uwele ndani ya gunia,
na baba akacheka. Nasema, akacheka.
Kisha akauliza choo kiko wapi.

Bibi mzaa baba hakuvuka kizingiti.
"Asiyepewa jina haliliwi," akasema.
"Tutamzika wanawake, kimya kimya,
na huyu atanyamaza, azae mwingine."
Sikubishana naye. Nilimletea chai.
Kwenye benchi akanihesabia wa kwake, kwa misimu,
maana hakuwa na kingine cha kuwahesabia:
mmoja mwaka wa njaa,
mmoja mwaka ule mvua ilipobomoa tembe,
na wa tatu akaanza kusema, akanywa chai.

Maziwa lakini hayakusikia amri ya mtu.
Nilimfundisha Mbeleje kukamua kidogo,
kiasi cha kupunguza maumivu, si kiasi cha kuyaita mengine,
na ni wakati huo, kichwa chake begani kwangu,
aliponivuta kola na kuninong'oneza jina.
"Sista, mtu asilijue.
Ila liwe mahali."

Likawa mahali.
Sikuliandika kwenye kadi, wala kwenye rejesta,
wala silisemi hapa.

Miaka mitatu baadaye, soko la Majengo,
nikaomba nusu kilo ya zabibu kabla sijautazama uso wa muuzaji.
Akapima. Akaongeza kishada, sindano ya mizani ikapita nusu,
akaongeza kingine.
Macho yake hayakutoka kwenye mizani.
"Sista. Bado unalo?"
"Ninalo."
Akafunga mfuko, akanirudishia chenji,
ikapungua mia mbili,
tukaiacha hivyo.