Gia ya Kuteremkia

Leseni yangu ina wiki tisa.
Masibo, utingo, ana miaka kumi na mmoja
kwenye kiti hicho cha kushoto,
lakini mimi ndiye ninayeitwa dereva.

Kupanda Sachangwan na tani ishirini na nane za ngano
ni kutembea. Mvulana wa karoti
alitufuata kwa miguu, tukapatana bei,
akakimbia kutafuta chenji, akarudi
akatukuta kwenye kona ileile.

Timboroa, baridi iliingia
kwenye tundu palipoibwa redio.
Nikavaa soksi mikononi.

Kanduyi, saa nane usiku, nilipita kwetu.
Niliona taa ya jikoni. Au ya jirani.
Sikupiga honi: mtoto amelala,
na lori lenye tela haligeuzwi kwa hamu.

Malaba, siku mbili za foleni.
Tulifua, tukaanika mashati kwenye vioo vya pembeni.
Huko nimejifunza kulala vipande vipande,
mguu mmoja ukisikiliza breki ya aliye mbele.

Jana tulirudi watupu, mteremko uleule.
Lori jepesi, nami mwepesi,
mkono ukawashwa kuliachia.
Masibo hakunitazama. Alikuwa akikwangua karoti kwa kisu.
“Gia uliyopandia,” akasema,
“ndiyo ya kuteremkia.”

Nikairudisha. Injini ikaguna hadi chini.
Bondeni, mbuzi watatu walikuwa wakila nyasi
ndani ya kabini isiyo na milango.

Masibo akaikata karoti,
akanipa upande mnene.